Hesabu ya Mwalimu Evelina

Teksi ilikuwa inatoka Makutupora. Mbele alikaa Mwalimu Evelina, mstaafu, nyuma nilikaa mimi. Kabla hatujafika mbali alishamwambia dereva kwamba kiinua mgongo chake chote anakinunulia teksi. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Nikikupa gari, Gideoni, hesabu utaniletea ngapi kwa siku?"

"Bunge likikaa, elfu thelathini na shikamoo juu. Bunge likiahirishwa, nitakuletea shikamoo."

"Na leseni, bima, matairi?"

"Hayo ya mwenye gari, mwalimu. Mimi na usukani tu."

Mwalimu akahesabu kwa vidole, akarudia. Vidole havikubadilisha msimamo. "Mbona jibu linakuja hasi?"

"Umepatia, mwalimu. Ndivyo lilivyo."

"Sasa mwenye hili gari anakula nini?"

Gideoni akanitupia jicho kwenye kioo. Mimi nikaangalia mizabibu. "Ni mtu mvumilivu," akasema.

Tulipofika Ipagala gari likazima. Gideoni akabaki na usukani wake, sisi tukashuka kusukuma. "Pole, baba," mwalimu akaniambia akihema. "Nawe unakwenda mjini?"

"Hapana, mama. Gari ni langu. Nimefuata hesabu."