Kadi za Sauti za Papa Sebahire

Milio mitatu, wa mwisho ukitetemeka kana kwamba unasita kuondoka: ndiyo sauti niliyokua nayo mtaani Katindo, ikitangulia habari za saa moja asubuhi. Nilidhani ni kinanda. Kumbe ilitoka kwenye kadi ya sauti ndani ya kompyuta kuukuu, na aliyeitunza ni Papa Sebahire Donat, fundi wa redio yetu, anayestaafu leo, tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Alianza kwa kutunza jenereta, akapanda hadi mkuu wa ufundi. Lakini tusidanganyane: fahari yake ni kabati lake la kadi za zamani. Kila Jumamosi alikuwa Birere kwa wauza vyuma chakavu, akiwahi kompyuta kabla hazijachomwa kutolewa shaba. Kadi aliisugua kwa kifutio cha shule, akaipachika, kisha hakupiga wimbo wowote. Alisikiliza ukimya wake kwanza. Ikipumua vizuri, alisema, itaimba vizuri.

Volkano ilipolipuka mwaka 2002, alifunga katoni la kadi juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akasukuma hadi Sake. Huko mkewe, Mama Mukabalisa, alitazama mzigo na kuuliza: "Papa Donat, matela iko wapi?" Walilala chini wiki nzima, bila godoro. Mama anasema siku hizi hadithi hiyo inamchekesha. Hatuna hakika.

Mwezi uliopita mkurugenzi wetu, Bwana Olivier, aliondoa kompyuta ile studio, akaweka rekodi ya milio yake, na kuagiza kabati liuzwe kwa kilo baada ya sherehe hii. Papa Sebahire alijibu mara moja tu: "Directeur, photo ya mutu haiwezi kuitika." Kisha akaniachia ufunguo wa kabati, akaenda kunawa mikono.

Yeye ni mpole. Mimi si mpole.

Papa, asante kwa kutufundisha kusikiliza. Nenda Kalengera, ulime maharagwe yako, na safari hii ulale kwenye matela.

Nawe Bwana Olivier, usitume watu wa magunia. Kabati ni tupu tangu juzi. Kadi ziko nyumbani kwangu. Moja tu, ile ya milio mitatu, nimeirudisha hapa, studio, ndani ya kompyuta yake. Rekodi nimeizima. Milio mitatu mliyoisikia jana asubuhi, mkasema redio imepona, ilikuwa yake.