Hita ya Mama Mkwe

Pale Mabatini, mbele ya duka la nondo lililofungwa tangu mwaka juzi, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Kila Jumamosi asubuhi tunanywa kahawa hapo, sisi wenye majibu ya kila kitu. Mashimba tunamwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kutengeneza kengele ya mlango wa jirani, ikalia siku mbili bila kunyamaza. Mwalimu mstaafu Lwakatare tunamwita Nukta, maana hoja zake hufunga kwa neno hilo. Jumamosi moja mwenzetu Machibya alikuja uso umemshuka. Mama mkwe wake, Bi Kokugonza, alikuwa ametoka Muleba kutibiwa magoti, na daktari alimtaka aoge maji ya moto kila siku. Hita ya kwanza ya kuchemshia maji ilipasuka tangi kabla ya miezi sita. Ya pili, yenye wiki mbili tu ukutani, ikaanza kudondosha.

— Mama anafungasha, Machibya akasema. Na mke wangu Wilhelmina haniongeleshi tangu jana.

— Shida ni maji ya ziwa, Injinia akasema. Yamezoea baridi, unayatia moto ghafla. Hata sato ukimfanyia hivyo anapasuka.

— Si ziwa, Nukta akapinga. Hita inamjua mwenye nyumba. Ulinung'unika moyoni juu ya mgeni, ikasikia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mtoto kaingiaje hapa, Mwalimu? nikauliza.

— Ina wiki mbili. Bado mchanga. Nukta.

— Mi nilimpa dawa, Injinia akasema. Haba na haba hujaza kibaba. Nikamwambia kile kidude cha chini kinachodondosha, akizibe.

— Nimekiziba leo asubuhi, Machibya akasema, kwa mpira wa tyubu na waya. Hakidondoshi tena.

— Mnaona? Huo ndio uinjinia!

Pembeni alisimama dada mmoja mwenye begi la spana, akinywa kahawa yake. Alikuwa Celestina, fundi bomba wa Kisesa, aliyekuja kufunga mabomba kwenye jengo la jirani.

— Shikamooni. Samahani, hiyo hita imewashwa?

— Imewashwa, Machibya akajibu. Mama yuko bafuni anaoga.

Celestina akaweka kikombe chini.

— Nyumbani wapi? Twende! Kidude hicho ndicho kinachotoa presha ikizidi. Mmefunga mdomo wa sufuria inayochemka!

Tulikimbia wote, hata Nukta na fimbo yake. Machibya alikuwa mbele, akiita, "Mama, toka! Toka mama!" Bi Kokugonza akatoka na kanga, povu masikioni. Celestina akazima swichi, akafunga koki ya mtaani. Tangi lilikuwa linalia ko, ko, ko. Tukasubiri uani hadi lipoe, Mwalimu akiegemea fimbo yake.

Lilipopoa akafungua waya, kisha akaunga geji ya presha kwenye bomba la uani na kurudisha maji. Mshale ukapanda hadi nane.

— Someni ubavuni mwa hita. Mwisho sita. Tangi la mtaa liko juu kule kwenye mawe, nyie mko bondeni. Hita zenu hazikuwa mbovu, presha ya maji ndiyo kubwa mno.

Akatoa kwenye begi valvu ya kupunguza presha, akaiunga kwenye bomba. Mshale ukashuka, ukatulia kwenye tatu. Machibya alimshikia spana.

Jumamosi iliyofuata Celestina alikaa nasi benchini. Machibya akafika.

— Vipi bafuni? tukamuuliza.

— Mama anaoga mara mbili kwa siku, tena anaimba. Wilhelmina ananiongelesha. Ila mama anasema Muleba harudi hadi mwakani.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, Injinia akamfariji.

Celestina akamgeukia Machibya.

— Kwani ulitaka aondoke lini?

Machibya akamnyooshea muuza kahawa kikombe.

— Si nilisema hita ilisikia? Mwalimu akasema. Nukta.

Muuza kahawa akatikisa birika, akalipindua: kahawa imekwisha.