Kiingereza cha Mwalimu Hamphrey Nazari wa Lundo

Padre, shemeji Benadetha, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mlioshuka milima kuja Lundo kumsindikiza kaka yangu, mimi ni Steven, mdogo wake wa mwisho, na karatasi hii niliyoshika ni mwandiko wa marehemu mwenyewe, aliiandika akiwa kitandani hospitalini, shemeji akanikabidhi jana. Humu kuna tarehe moja ambayo nilimwomba shemeji niiache, nikampigia hadi magoti, akakataa katakata, kwa hiyo mnivumilie tukifika hapo.

Mwalimu Hamphrey Nazari alizaliwa hapa Lundo tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa mzee Nazari, mvuvi wa dagaa wetu wa usipa, na mama Ottilia. Alianza shule ya misheni mwaka 1950, na mwaka 1955 alivuka ziwa kwa meli hadi kwa mjomba wetu upande wa Nyasaland, akasoma huko miaka minne, akarudi na shuka moja, kikombe cha bati, na Kiingereza kile mnachokijua, cha taratibu, chenye kupanda na kushuka kama wanavyoongea watu wa ng'ambo, r zake zikiangukia kwenye l.

Baada ya chuo cha ualimu alianza kazi hapa hapa Lundo Januari 1963, akahamia Mpepai, kisha kijiji chetu cha Ruanda, hiki cha hapa Mbinga, hadi alipostaafu mwaka 1996, na jamani, ni nani hapa aliyewahi kupata barua ya Kiingereza isipite kwanza mikononi mwake? Mimi alinifundisha darasa la tano pale Ruanda, nikilala kwake, nikila ugali wake. Tarehe 7 Oktoba 1967 alifunga ndoa na Benadetha wa Mpepai, wakajaliwa Winifrida na Glorious, ambao mnawaona hapa mbele.

Serikali ilipofungua soko la kahawa, wanunuzi binafsi wakajaa Mbinga, nilipata ukarani katika kampuni moja, kaka akafurahi mno, akaninunulia viatu vya ngozi vya kahawia ili nisiende ofisini na ndala. Baadaye wazazi wenye uwezo tukaanzisha shule ya Kiingereza pale mjini, nami nikawa mjumbe wa kamati, na kwa kuogopa maneno kwamba watu wa milimani na wa ziwani tutapendeleana, tukakubaliana walimu wanaoomba kazi wasomee nyuma ya pazia, tusikie sauti tu.

Haya, tarehe yenyewe ndiyo hii, Jumamosi tarehe 10 Januari 1998. Wa nne kusoma alikuwa kaka, nilimjua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Mwenyekiti akasema hicho ni Kiingereza cha wavuvi, watoto wetu wakiongea hivyo huko Dar es Salaam watachekwa, wajumbe wakaangua kicheko, nami nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, wasije wakakumbuka kwamba natoka huko huko ziwani. Nikampa alama mbili katika kumi. Guneni tu, nastahili. Tulimchukua kijana aliyeongea puani kama mtangazaji wa redio, akatukimbia kabla muhula haujaisha, lakini hata angebaki miaka ishirini, nilichofanya ni kile kile.

Tangu siku ile kaka hakuongea tena Kiingereza, barua za majirani alizisoma kimya kimya na kuwaeleza kwa Kiswahili, na mimi nilijua kwa nini. Kisukari kilichomwanza mwaka 1997 kikamzidi, akalazwa Mbinga tarehe 2 Oktoba mwaka huu. Kule wodini aliniuliza, kwa upole tu, siku ile ya usaili nilikuwa wapi, nikamjibu nilikuwa na safari ya Songea. Akasema haya, akageukia ukutani, nami nikashusha pumzi nikidhani yameisha. Alifariki Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, saa nne asubuhi.

Sasa nawasomea alivyoandika yeye, neno kwa neno. "Tarehe 10 Januari 1998 nilifanyiwa usaili Mbinga, sikupata. Pazia lilikuwa fupi, halikufika sakafuni. Mdogo wangu Steven alikaa wa pili kutoka mlangoni, amevaa viatu vya kahawia. Historia yangu aisome yeye, asiruke tarehe yoyote."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Lundo mliochota maji na kupika kwa siku hizi zote, na walimu wenzake wa Ruanda mliokuja mmesimama kwenye lori. Shemeji, na ninyi wanangu Winifrida na Glorious, sina cha kuwaambia zaidi ya hiki mlichosikia.

Kaka, sijaruka hata moja. Pumzika kwa amani, Mwalimu.