Hakumchora Mungu: Maisha ya Mzee Lazar Brandvain, 1928–2015

Nehemiya Nkusi, shemeji wa marehemu, anawaomba waombolezaji waanze na kosa lake: alimdhania Mzee Lazar kuwa mchonga sanamu.

Marehemu, Myahudi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1928 mjini Galați, Romania, mtoto wa pekee wa fundi viatu. Vita vilipofunga shule alikuwa darasa la saba. Kuchonga picha kwenye mbao na kuzichapa kwa wino karatasini alifundishwa na mjomba wake. Mwaka 1951 alihamia Nairobi, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji hadi kustaafu. Mwaka 1997 alihamia Ruti, Mbarara, akitafuta, kwa maneno yake, mji ambao ng'ombe bado wanapishwa njia. Hapo alichonga Nuhu, Hajiri, na Yusufu na ndugu zake.

Perpétue Mukarukundo, dada yake Nehemiya, aliyekimbia Kivu Kusini mwaka 1996 na kupokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Juru, alimletea maharage ya kuuza. Mzee alimwomba akae amchore kama Naomi. "Naomi alikuwa na uchungu," akajibu Perpétue. "Miye niko na maharage." Walifunga ndoa bomani Mbarara tarehe 17 Agosti 2001.

Januari iliyofuata Nehemiya, licha ya shahada yake ya chuo kikuu, aliona picha zimeanikwa kwenye kamba kama nguo, akaenda kuwanukulia wazee wa kanisa la Juru amri ya pili, inayokataza sanamu za kuchonga. Perpétue akatengwa na Meza ya Bwana. Miezi saba alikaa benchi la nyuma, na Nehemiya hakusema ni nani aliyepeleka maneno.

Agosti, mzee wa kanisa Rwakabuba alifika Ruti kukagua. Alisimama mbele ya picha ya Musa na kijiti kinachowaka.

"Mungu eko wapi humu, muzee?"

"Sikumchora. Torati inanikataza. Ni ile ile yenu."

Rwakabuba alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe unaogopa amri kutupita! Siye tuko na kalenda ku ukuta, Yesu wa nywele za kizungu!"

Jumapili ile Perpétue alirudi mezani.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu mwezi Machi mwaka huu. Maumivu yalikuwa makali. Familia inashukuru kwamba yamekwisha. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Juni, akisubiri chai.

Ameacha mjane, watoto aliowalea, Elisée na Divine, wajukuu watatu, na shemeji mmoja.

Jana, wakishona sanda nyeupe aliyoiagiza, Nehemiya aliungama kwa dada yake. Perpétue hakuinua macho.

"Alijua, mudogo wangu. Rwakabuba alimwambia siku ile ile. Muzee akanikataza: 'Usimwambie. Akijua kwamba ninajua, hatakuja tena kula kwetu.'"

Nehemiya alikula pale kila Jumapili kwa karibu miaka kumi na mitatu. Mzee Lazar apumzike katika amani ile ile aliyomtunzia shemeji yake.