Marehemu Mama Tecla Cheptoo, Aliyeishusha Picha ya Mzee

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na bintiye, Chepchirchir

Mama Tecla Cheptoo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 karibu na Kabianga, mtoto wa tatu wa wakulima wa majani chai. Sebule ya kwao ilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilizibwa na kabati. Akiwa na miaka tisa alilisukuma kabati hilo peke yake hadi ukuta wa pili. Alichapwa. Lakini hakuna aliyelirudisha, kwa sababu jioni hiyo baba yake aliweza kusoma Biblia bila kuwasha taa.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, kisha sekondari hadi mwaka 1986. Somo alilolipenda ni sayansi kimu. Daftari lake la kidato cha tatu bado lipo, na ukurasa mmoja umepigiwa mstari mara mbili: "Ondoa kwanza, ndipo ununue. Jicho lipate mahali pamoja pa kutua. Picha iwe usawa wa macho."

Kuanzia 1990 hadi 2019 alifundisha ushonaji na utunzaji wa nyumba katika chuo cha ufundi karibu na Bomet. Alipoitwa kwenye nyumba za watu, alivitoa viti ukutani, vilikopangwa kama foleni ya dispensari, akavisogeza pamoja ili wageni wazungumze bila kupigiana kelele. Aliacha njia wazi kutoka mlangoni. Aliinua kitambaa cha kufuma na kuuliza, "Hiki kinafunika nini?" Jibu lilipokosekana, alikikunja.

Rafiki yake, Dada Apiyo, alikuwa mchumaji wa chai na aliishi na watoto watatu katika chumba kimoja cha kambi ya wafanyakazi. Mama alitundika pazia jepesi kutoka darini hadi sakafuni kutenga kitanda, akaweka kioo mkabala na dirisha. Apiyo aliniambia wiki hii, "Nyumba haikuongezeka, my dear. Lakini nilipata mahali pa kugeukia."

Wengi wenu mliokaa chini ya hema hili mlimcheka. Mlimwita Mama Sukuma Viti. Kisha wiki moja kabla ya koito, ile sherehe ya mahari, wageni wakitarajiwa, mlimtumia ujumbe apite mlango wa nyuma. Baba Mkubwa Kiptanui naye alimwita kwa mlango huo wa nyuma mwaka 2021, kwa ajili ya koito ya bintiye Beverly. Wageni walipoisifu sebule, alisema ameipanga yeye mwenyewe. Mama alikuwa jikoni akipakua nyama. Alisikia.

Tarehe 10 Desemba 1994 aliolewa na marehemu Mathew Kipchirchir, kitinda mimba aliyerithi nyumba ya wazazi. Picha ya baba mkwe, aliyefariki mwaka 1991, ilining'inia pale ukuta unapokutana na dari. Mwezi wa kwanza wa ndoa Mama aliishusha hadi usawa wa macho. Baba Mkubwa alipoingia hakusalimia.

"Umemshusha mzee!"

"Sijamshusha, shemeji. Miaka yote hii mlikuwa mnamwona kidevu."

"Mwanamke wa jana hawezi kumpimia baba yangu mahali pa kukaa."

Baba Mkubwa aliirudisha juu. Mama aliishusha. Mchezo huo uliendelea hadi marehemu Baba alipoficha nyundo.

Mwaka 2018 mgongo wa Kogo Taprandich, nyanya yetu na mama mkwe wake, ulikuwa umepinda kiasi kwamba hakuweza tena kuinua uso. Mama aliishusha picha tena, shubiri mbili zaidi. Nilimwambia kwamba sasa imekuwa chini mno, na kwamba daftari lake linasema usawa wa macho. Akaniuliza, "Ya nani?"

Asubuhi iliyofuata Kogo alisimama mbele ya picha na fimbo yake. Alimwangalia mumewe kwa muda mrefu, kisha akacheka. "Kumbe kile kikovu kiko hapa," alisema. "Nilimpiga na mwiko." Kuanzia siku hiyo alimsalimia kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Mama aligunduliwa na ugonjwa wa figo mwezi Juni 2023. Kuna waliosema ameletewa ugonjwa na baridi ya madirisha yake makubwa. Alipoomba kitanda chake kigeuzwe kielekee shamba la chai, Baba Mkubwa aliuliza mbele yake, "Hata akiwa hivi bado anapanga nyumba?" Tulikigeuza. Alifariki hapo kitandani tarehe 3 Machi 2025, asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Jumatano wiki hii, sisi tukiwa mochari ya Kaplong kuandaa mwili, Baba Mkubwa alipanda juu ya meza ya Mama na kuirudisha picha darini. Aliwaambia waombolezaji kwamba baada ya mazishi chumba chote kitarudishwa kilivyokuwa, kwa heshima ya mzee. Waliokuwepo walipiga makofi. Ninaandika hili kwa sababu ni sehemu ya maisha yake, na kwa sababu nikipewa kipaza sauti bila karatasi huwa sisemi kitu.

Mama Tecla ameacha watoto wawili, Noah na Chepchirchir, na mjukuu mmoja. Ameacha rafiki yake Apiyo. Ameacha shemeji yake, Kiptanui, ambaye ni mrefu na haoni tatizo. Ameacha mama mkwe wake, Kogo Taprandich, mwenye miaka themanini na tisa, ambaye tangu Jumatano amekuwa akisimama mbele ya ukuta mtupu kila asubuhi akituuliza mzee amepelekwa wapi.

Msumari wa chini haujang'olewa. Nyundo iko juu ya meza.

Mama, pumzika. Tutakapotoka kukuzika tutaanzia sebuleni.