Kiema Nzau na Mvua Iliyomwagwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutangaza mvua ambayo wengi waliamini ni yeye anayeizuia, Mzee Kiema Nzau anastaafu tarehe 30 Juni 2025 kutoka kituo chetu kidogo cha hali ya hewa, Kyuso.

Tangu 1991, kila siku saa tatu asubuhi, alisoma kipima mvua na kuandika daftarini. Mara nyingi aliandika sufuri. Tulipomshauri aandike sufuri za wiki nzima Jumatatu apumzike, alitutazama kama watu waliotukana kanisani.

Kutabiri alijua, ila alipenda mno kueleza. Mazishini, harusini, hata kwenye foleni ya maji, alieleza jinsi ardhi yenye joto inavyopasha hewa, hewa ikapanda, ikapoa, na mvuke wake ukawa matone, sawa na kwenye mfuniko wa sufuria ya muthokoi. Wakulima walimsikiliza kwa heshima, kisha wakauliza kama wapande ndengu au wangoje.

Novemba 2016 mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi matope yalifika mlangoni, lakini kipima mvua kilikuwa kitupu. Mwingine angesema maji yamekauka. Mzee alisoma vipimajoto vyake viwili, kikavu na kile kilichovishwa kitambaa chenye maji, akakuta vinakaribia kulingana. Hewa ilikuwa imeshiba mvuke. Hata soksi isingekauka. Akaacha nafasi ya milimita wazi, akaandika kando: "Imemwagwa na mtu." Kulikuwa na uvumi kwamba kituo kikionyesha mvua, chakula cha msaada kitakatwa, kwa hiyo mshukiwa alikuwa kijiji kizima.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama mkewe, Kalondu. "Bwana asifiwe. Ile maji ya bwanangu ni mimi nilimwaga. Na hiyo msaada hata haikukuja." Kanisa likaitikia amina.

Jumatatu alikata neno "mtu", akaandika "mke wangu", akatia sahihi. Wiki mbili alijipikia.

Tulimcheka sana. Leo tunaona haya, maana angeweza kubuni nambari yoyote na kula chakula chake kwa amani, wala hakuna ambaye angejua. Ndiyo sababu tunaliamini daftari lake lote, pamoja na sufuri zake.

Asante, Mzee. Uishi miaka mingi yenye Novemba nzuri. Tunakuaga kwa zawadi ya kipima mvua chako mwenyewe, chenye kufuli. Ufunguo, kama ulivyotuomba, tumemkabidhi Kalondu.