Nani wa Mwisho? Maneno ya Kumuaga Mwalimu Ersilia

“Mgeni anaweza kukariri maneno ya Kiitaliano, lakini hawezi kukijua, sembuse kukifundisha. Kiitaliano mtu hukinyonya pamoja na maziwa ya mama.”

Maneno hayo si yangu. Yalitamkwa Jumatatu iliyopita katika kikao cha halmashauri, na Mheshimiwa Gualtiero Spadoni, diwani wetu wa utamaduni, ambaye ninamwona hapo safu ya mbele amekunja mikono. Nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa makusudi, yasije yakapotea katikati ya makofi.

Sasa salamu. Mheshimiwa Meya Leonilde Carfagni, Baba Paroko Evasio, Daktari Latini, Afande mkuu wa kituo chetu cha polisi, waheshimiwa madiwani, mliokuja kwa mapenzi na mliokuja kwa harufu ya nguruwe wa kuokwa, wanafunzi wetu kutoka nchi ambazo wengi wetu hatuwezi kuzionyesha kwenye ramani, ndugu zangu wa Pietrafosca, na wewe, Mwalimu Ersilia Tamburrano, unayestaafu leo, na ambaye najua umeshaanza kunisahihisha kimoyomoyo: nawasalimu nyote.

Mnanijua. Mimi ni Tullia, ninayeandika lile gazeti la ukurasa mmoja ambalo kila mtu hapa huapa kwamba halisomi, kisha hunisimamisha uwanjani kunibishia aya ya tatu. Niliombwa nije kumsifu mtu anayestaafu. Nitamsifu. Lakini huwezi kumsifu mpanda mti huku mwenye shoka amekaa kando akinywa kahawa, ukajifanya humwoni.

Jambo lenyewe ni hili. Maisha yake yote ya kazi, Mwalimu Ersilia amewafundisha wageni Kiitaliano katika chumba cha kinu cha zamani cha kukamulia zeituni. Leo anaondoka, na amemteua atakayeshika nafasi yake: Bi Bae Eun-sil, huyo aliyekaa karibu na dirisha. Kesho asubuhi madiwani watapiga kura. Ama ufunguo wa kinu apewe Eun-sil na masomo yaendelee, ama chumba kigeuzwe makumbusho ya jibini letu la asili, kama anavyotaka Mheshimiwa Spadoni. Jibini hilo halitengenezwi tena. Mtu wa mwisho aliyejua kulitengeneza mwenyewe hakuwa akilila, akisema ladha yake mbaya. Kwa hiyo tunaombwa tufunge mdomo wa watu walio hai ili tuhifadhi chakula ambacho hata mpishi wake alikikimbia.

Na sababu ni moja tu: Eun-sil hakuzaliwa hapa.

Ni kweli. Alizaliwa Korea, akaja kwetu akiwa mwimbaji wa opera, na Kiitaliano chote alichokuwa nacho alikuwa amekitoa jukwaani. Alijua kulaani ukoo mzima. Alijua kusamehe huku anakufa, na kuapa kisasi juu ya kaburi. Hakujua kununua mkate. Siku ya kwanza aliingia dukani kwa Nives, akaweka mkono kifuani, akasema, “Ewe mwenye moyo wa jiwe, nihurumie, usiniache niangamie.”

Nives, ambaye hajawahi kuiacha mashine yake ya kukatia mkate kwa ajili ya mtu yeyote, aliiacha. “Dada, mkate upo, usife. Unataka wa chumvi au usio na chumvi?”

“Hatima yangu imo mikononi mwako.”

“Haya, basi nakupa usio na chumvi.”

Tarishi Armidio alipompelekea kifurushi, alimpokea mlangoni kwa kilio: “Mtesi wangu, kumbe umerudi.” Armidio aliacha barua nyingine zote, akakimbia nyumbani kumweleza mkewe kabla majirani hawajamweleza. Na Baba Paroko, alipoulizwa njia ya kwenda posta, alimwekea mkono kichwani akaanza kumwombea. Usibishe, Baba Paroko, nilikuwepo.

Najua Mheshimiwa Spadoni anatabasamu. Anajisemea: si unaona, kasuku huyo. Mheshimiwa, tabasamu hilo lihifadhi kidogo, utalihitaji baadaye.

Mwalimu Ersilia alifanya nini na mwanafunzi wa namna hiyo? Hakumpa kitabu. Alimpeleka kwa daktari.

Nyinyi wageni mliofika karibuni, msishangae. Mtihani wa mwisho wa Mwalimu Ersilia haufanyiki kinuni. Unafanyika kwenye chumba cha kusubiri cha Daktari Latini, na mtahiniwa huingia akiwa mzima wa afya. Pale hakuna namba wala mstari. Mtu huingia, husalimia, kisha huuliza: “Nani wa mwisho?” Mmoja huinua kidole, na tangu hapo wewe uko nyuma yake. Unaweza kwenda kunywa kahawa, kununua nyama, hata kugombana na shemeji yako. Nafasi yako inakungoja. Lakini usipouliza, hupo. Mholanzi mmoja aliwahi kusimama mlangoni wima, mstari wa mtu mmoja, mpaka zahanati ikafungwa, na sisi tukawa tunampita tunampa pole. Mzee Fulgenzio mpaka leo anashikilia kwamba yuko nyuma ya marehemu mkewe, na kwa kuwa marehemu hajaingia, yeye naye hawezi kuingia. Hakuna aliyethubutu kumpinga. Daktari humtibu nyumbani kwake.

Kuuliza swali hilo mtoto anaweza. Mtihani ni kuilinda nafasi mbele ya Mama Zaira. Mama Zaira, shikamoo, nakutaja kwa heshima. Mama huyu ameingia kwa daktari mbele ya watu wa mji huu, kizazi baada ya kizazi, kwa maneno yaleyale: “Jamani, mimi nauliza tu kitu kidogo.” Wajerumani wenye shahada wamelia mbele ya maneno hayo. Mwalimu Ersilia akawa anawarudisha darasani mwaka mzima.

Siku ya Eun-sil, chumba kilijaa. Tulikwenda kumsikia akiimba, na wengine tulijigundulia maradhi. Zamu yake ilipofika, Mama Zaira akainuka. “Mwanangu, mimi nauliza tu kitu kidogo.”

Eun-sil hakuweka mkono kifuani. Alisema polepole, “Mama, hata mimi nauliza kitu kidogo. Baba huyu naye kidogo tu. Humu hakuna aliyekuja kuuliza kikubwa. Wewe uko nyuma ya nani?”

“Nyuma ya Armidio.”

“Armidio ameshatoka, mama, na aliyeuliza nyuma yake ni mimi. Alipoinua kidole, wewe ulikuwa dirishani unamsema.”

Mnakumbuka? Hata Armidio mwenyewe, aliyekuwa bado kizingitini anavaa kofia, alirudi ndani. Mama Zaira akaketi. Akautoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani, akamtazama binti yule juu mpaka chini, akauliza chumba kizima, “Huyu mtoto ni wa nani?”

Na Mzee Fulgenzio, aliyekuja kuangalia tu kama mkewe ameitwa, akajibu, “Wa Ersilia.”

Waheshimiwa madiwani, ninyi mnajua swali hilo linaulizwa lini katika mji huu. Mtalii haulizwi ni wa nani. Mpita njia haulizwi. Huulizwa mtu ambaye amekwisha kuwa wetu, na kilichobaki ni kujua tu kosa lake tulipeleke kwa mama yupi. Tangu siku ile anaitwa Eun-sil wa Ersilia, na Nives humpa mkate bila kumuuliza chumvi.

Hayo ni ya mgeni. Sasa tumtazame mwenyeji.

Majira ya baridi ya mwaka ule, Mheshimiwa Spadoni alirudi kutoka Roma, alikokaa miaka mingi akifanya kazi ambayo hajawahi kutueleza. Alirudi na kikohozi. Akaingia kwa Daktari Latini, akasalimia kwa sauti nzuri, akaketi chini ya picha ya mtakatifu, akafungua gazeti. Lile swali hakuuliza.

Nilikuwepo na goti langu linaloniuma. Watu wakawa wanaingia, wanauliza, wanajibiwa, wanakwenda kumwona daktari, na Mheshimiwa anakohoa. Yeye hakuwa nyuma ya mtu na hakuna mtu aliyekuwa nyuma yake. Kwa sheria za mji huu, kile kikohozi kilikuwa kinatoka kwenye kiti kitupu. Mtaniuliza, kwa nini hatukumwambia? Tungemwambiaje? Mtu mzima, mtoto wa hapahapa, humkumbushi jambo kama hilo mbele za watu; ungekuwa umemvua nguo. Halafu, niseme ukweli, tulitaka kuona mwisho wake.

Mwishowe akasimama. “Jamani, mimi nimefika kabla ya huyu.”

“Uko nyuma ya nani?” Mama Zaira akamuuliza.

“Nyuma ya wote.”

“Humu hakuna anayeitwa Wote.”

Palikuwa na mtu mmoja tu aliyemhurumia. Alikuwa na shali shingoni, koo linamuuma, alikuwa amefika punde na alikuwa ameuliza vizuri. Akainua kidole, akasema, “Bwana, keti nyuma yangu. Mimi ndiye wa mwisho.”

Nani huyo? Mbona unaangalia sakafu, Mheshimiwa? Alikuwa Eun-sil. Ile dawa yako ya kikohozi uliipata kwa Kiitaliano chake, kwa sababu chako kilikuwa kimebaki Roma.

Nirudi basi kwenye maziwa ya mama. Nimesoma vitabu vingi vya watu waliochunguza lugha, na hawapatani katika jambo lolote isipokuwa moja: hakuna mtoto aliyezaliwa anasema. Kila mmoja wetu aliingia Pietrafosca akiwa mgeni, tena mgeni mbaya, asiye na nguo wala subira, anayepiga kelele mpaka mtu apatikane wa kumfundisha kuomba mkate. Maziwa yalitunenepesha tu. Lugha tulipewa na mtu aliyekubali kutusikiliza tukikosea. Na lugha hupotea vilevile, kama kikohozi kilivyotuonyesha. Sasa ninyi mnaoogopa kwamba wageni watatuharibia Kiitaliano, hebu niambieni, nani kati ya wale wawili alikuwa amekitunza?

Mwalimu Ersilia, hupendi kusifiwa. Nilikusikia ukimwambia mwanafunzi aliyetamka sentensi isiyo na doa, “Nzuri sana, mwanangu. Sasa iseme kama mtu aliyeacha chungu jikoni.” Hiyo ndiyo sifa yangu kwako. Wengine walifundisha Kiitaliano cha kusimama wima. Wewe ulifundisha cha watu walioacha chungu jikoni, yaani cha watu. Wanafunzi wako walikuja kuomba lugha, ukawapa mahali pa kukaa, na mtu wa kukaa nyuma yake.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa kuivumilia njaa. Nguruwe hajapoa, nimemwangalia.

Lakini kabla hatujala. Ufunguo wa kinu uko pale mezani, kando ya mkate. Wanaoutaka ni wawili. Mwezi uliopita Eun-sil aliingia kinuni, akasalimia, akauliza, “Nani wa mwisho?” na Mwalimu Ersilia akainua kidole. Kwa hiyo yeye yuko nyuma ya Ersilia, na mji mzima ni shahidi. Waheshimiwa madiwani, kesho msimpigie kura mtu ambaye hajauliza. Na wewe, Mheshimiwa Spadoni, kama unautaka ufunguo huo, utaratibu ni uleule uliozaliwa nao. Simama. Ugeukie ukumbi huu, utusalimie, uulize.

Eun-sil, mwanangu, weka kidole tayari.